Njia ya Kwenda Bomet: Habari za Kuulizana Njia katika Nchi ya Chai

Pana mahali, msomaji, katika barabara itokayo Kericho kwenda Kisii, ambapo njia hugawanyika. Mahali hapo huitwa Kaplong. Ukishika mkono wa kushoto utafika Bomet, na ukizidi kwenda utafika Narok. Ukishika mkono wa kulia utafika Sotik, kisha Kisii. Tuseme umesimama pale asubuhi moja, nawe umevaa sare ya shule, na mgeni akashuka garini akakuuliza kwa Kiingereza njia ya kwenda Bomet. Njia hiyo waijua sana. Labda waipita kila mwisho wa muhula. Je, utamjibu? Nimewauliza wanafunzi wengi swali hili. Wengi hucheka kwanza, kisha hunyamaza, hata mwishowe mmoja wao hunyosha mkono kuelekea upande wa Bomet bila kusema neno.

Mkono huo siudharau. Mgeni atafika. Walakini ni ajabu kwamba mtu aweza kuijua njia kwa miguu yake na asiweze kuitoa kwa kinywa chake. Watu watasema ya kwamba Kiingereza chake ni haba. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote, maana maneno yanayohitajiwa kwa kazi hii hayazidi ishirini, na mtoto wa darasa la nne amekwisha kuyasikia yote. Sababu nyingine imo katika historia ya nchi yenyewe na ya masomo yaliyoletwa humo, na hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Niliitambua sababu hiyo kwa kuaibika. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu nilipelekwa katika shule moja ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha, nikapewa somo la kuuliza njia na kuonyesha njia kwa Kiingereza. Nilichora ubaoni mji mzuri. Palikuwa na benki, posta, kanisa, duka la mkate, na barabara nne zilizokatana kama mistari ya daftari la hesabu. Watoto waliimba pamoja nami, "Turn left. Turn right. Go straight on." Walifanya vizuri mno, hata nikajiona nimekuwa mwalimu. Ndipo nilipomwita kijana mmoja mbele nikamwambia anieleze kwa Kiingereza njia ya kwenda kwao. Alitazama ubao, akatazama dirisha, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, kwetu hakuna mtaa." Darasa lilicheka, nami nilicheka pamoja nao, lakini jioni ile sikucheka. Nilikuwa nimewafundisha kuongoza watu katika mji ambao hata mimi sijaufikia, na njia zao wenyewe nilikuwa nimeziacha nje ya mlango.

Basi na turudi nyuma. Kabla ya karne ya 20 nchi hii haikuwa na barabara za magari, wala haikuwa na chai. Wakipsigis waliigawa nchi yao sehemu nne kubwa: Belgut, Buret, Sot na Waldai. Ndani ya sehemu hizo watu waliishi katika jumuiya ndogo za majirani, kila moja ikiitwa kokwet, na jina hilo lilikuwa pia jina la baraza la majirani hao. Waliosaidiana kulima, waliotatua magomvi pamoja, hao walikuwa kokwet moja. Mgeni aliyetafuta nyumba ya mtu hakuuliza namba wala jina la barabara. Aliuliza kokwet, na akifika huko aliuliza mtu.

Majina yenyewe yalimsaidia. Tazama ramani ya Kericho na Bomet leo uhesabu majina yaanzayo kwa Kap: Kapsoit, Kapkatet, Kaplong, Kapkoros, na mengine mengi. Silabi hiyo ina maana ya kwao fulani, au mahali pa jambo fulani. Kapkoros ni mahali palipotolewa sadaka na kuombwa Mungu. Kwa hiyo jina la mahali halikuwa kibao tu cha kutofautisha kilima hiki na kile. Lilikuwa maelezo mafupi ya nani alikaa pale, au ya jambo gani lililofanyika pale.

Mito nayo ilikuwa na kazi yake. Itare, Chemosit na Kipsonoi huteremka kuelekea magharibi, na maji yake huishia katika mto Sondu na katika Ziwa Victoria. Nyangores hupita karibu na Bomet kuelekea kusini, ukakutana na Amala, na hapo ndipo uanzapo mto Mara. Mtu akikuambia, "Uvuke Itare, lakini usivuke Kipsonoi," amekuambia jambo kubwa kwa maneno machache, wala hapana mvua itakayofuta alama hiyo.

Na palikuwa na adabu yake. Hukumwendea mtu njiani ukamtupia swali. Ulimsalimu kwanza, "Chamgei," ukangoja akuitikie, mkaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe, kisha ndipo ukauliza njia. Mara nyingi jibu lilikuwa ni mwenyeji kuinuka na kukusindikiza mpaka mahali ambapo hapana tena hatari ya kupotea. Nadhani hii ni sababu moja ya kwamba maneno ya kuongoza njia hayakuhitaji kuwa mengi. Miguu ya mwenyeji ilisema yaliyosalia.

Mambo yalibadilika kwa reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ilipita kaskazini ya nchi ya Wakipsigis, na stesheni zikajengwa Londiani, Lumbwa na Fort Ternan. Angalia majina hayo, msomaji. Fort Ternan ni jina la ofisa mmoja Mwingereza. Lumbwa ni jina ambalo Wakipsigis hawakujiita wenyewe. Ni jina waliloitwa na watu wengine, na serikali ya kikoloni ikaliandika katika vitabu vyake na juu ya kibao cha stesheni. Kwa hiyo Mkipsigis aliyetaka kurudi kwao kwa gari la moshi ilimpasa kwanza kuomba tikiti ya kwenda mahali palipoitwa kwa jina ambalo si lake. Leo mahali hapo huitwa Kipkelion.

Hata jina la Kericho lina mashaka yake. Wako wasemao kwamba limetoka katika neno la Kikipsigis lenye maana ya dawa, na wako wasemao kwamba ni jina la kiongozi wa Kimaasai aliyeuawa vitani. Wazee hubishana, na mimi sitakata shauri. Nataka uone tu kwamba mji mtu auulizao njia huenda ukawa umebeba ndani ya jina lake habari ambazo aulizaye na ajibuye hawazijui wote wawili.

Baada ya reli ilikuja nguvu. Mwaka 1905 jeshi la serikali ya kikoloni lilipelekwa kuwapiga Wakipsigis wa upande wa Sotik. Watu wengi waliuawa na mifugo mingi ikachukuliwa. Katika miaka iliyofuata ardhi ya Wakipsigis ilitengwa kwa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu ekari 25,000 za ardhi nzuri ya Kericho ziliwekwa chini ya ushirika wa maofisa Waingereza walioumia vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na shauri lile likafa baada ya miaka michache tu. Lakini ardhi haikurudishwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na kampuni ya James Finlay zilikuja na miche ya chai, mmea uliokuwa umepandwa Limuru tangu mwaka 1903, na vilima vikaanza kuvaa ule ukijani mmoja uuonao hata leo.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili lahusu somo letu zaidi kuliko lionekanavyo. Mtu akiondolewa katika ardhi yake hupoteza malisho na shamba. Hayo yameandikwa katika vitabu vya historia. Tena hupoteza njia. Kijia kilichopita kati ya nyumba mbili za majirani hakina kazi tena kama nyumba hazipo. Chai hupandwa ikafunika mahali pale pote, na uso wa nchi uliokuwa na alama mia huwa na alama moja. Umepata kutembea ndani ya shamba kubwa la chai wakati wa ukungu? Mbele chai, nyuma chai, kulia chai, kushoto chai. Wenye mashamba waliliona tatizo hili, wakaigawa chai yao vipande, na kila kipande wakakipa namba. Mfanyakazi aliambiwa aende kipande cha namba fulani, naye akaenda. Namba hufaa sana kwa kazi, na mimi sizilaumu. Lakini namba haikuambii nani alikaa pale.

Majina mengine yaliokoka. Mashamba mengi makubwa yalipewa majina yaliyotokana na mahali penyewe, kama Chagaik, Kerenga, Jamji, Kitumbe, Saosa na Changana. Mengine yaliandikwa kama sikio la Mwingereza lilivyoyasikia: Kymulot, Marinyn, Chomogonday. Ukimpa mwanafunzi wa Kikipsigis majina haya matatu ayasome, husita, kisha hutabasamu, kama mtu aliyemtambua ndugu yake aliyevaa koti la kuazima. Makampuni yenyewe yamebadili wenyewe na majina mara kadhaa tangu siku zile. Majina ya vilima yangalipo, kwa kuwa watu waliendelea kuyatumia walipoelekezana njia.

Wako waliopelekwa mbali zaidi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ambao viongozi wao wa dini iliwaogopa, ikawahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Walikaa huko karibu miaka thelathini. Fikiri mtoto aliyezaliwa Gwassi, akamwuliza mama yake kwao ni wapi. Mama yake alipaswa kumpa njia ya kwenda mahali ambapo mtoto hajapaona kamwe, wala mama mwenyewe hana ruhusa ya kupaendea.

Katika miaka ile ile swali la njia liligeuka likawa juu chini. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka kumi na sita na zaidi alipaswa kubeba kipande, kilichoandikwa jina lake, alama za vidole vyake, na habari za mwajiri wake. Kwa hiyo mtu aliyetembea barabarani hakuwa tena mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kuulizwa. "Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Kipande kiko wapi?" Kipande cha namna ile kilikomeshwa mwaka 1947, lakini mashaka yake yalikaa. Hata leo nimeona wazee ambao, mgeni akisimamisha gari na kuuliza jambo, husogea nyuma hatua moja kabla ya kujibu. Vijana hudhani ni woga wa Kiingereza. Mimi nadhani mguu una kumbukumbu yake.

Sasa tutazame lugha zilizotumika. Mashamba ya chai yaliita watu wengi. Walikuja Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine kuchuma chai pamoja na Wakipsigis, na lugha iliyowaunganisha kambini na kiwandani ilikuwa Kiswahili. Walowezi nao walisema Kiswahili cha namna yao, kilichoitwa Kisetla, kisichojali ngeli wala adabu. Mwaka 1936 bwana mmoja, F. H. Le Breton, alitoa kitabu cha kuwafundisha walowezi, askari na wafanya biashara Kiswahili cha bara. Mtu yeyote aliyepata kusikia Kisetla anajua kwamba lugha ile ilikuwa hodari wa kuamuru: lete, peleka, ngoja, fanya upesi. Lugha ya kuamuru haihitaji kuomba njia. Anayeamuru huonyeshwa.

Kiingereza alichofundishwa Mwafrika shuleni kilielekea upande mwingine. Kilikuwa Kiingereza cha kuomba. Vitabu vingi vya Kiingereza vilivyosomwa Afrika ya Mashariki havikuandikiwa Afrika hapo mwanzo. Michael West, ambaye vitabu vyake vya kusomea vilienea sana, alikuwa mwalimu huko Bengal, na mwaka 1953 alitoa orodha yake mashuhuri ya maneno ya Kiingereza kama 2,000 yanayofaa zaidi kwa mwanafunzi. Orodha ile ni kazi kubwa, nami bado huitumia. Humo utakuta maneno ya barabara, daraja, kulia, kushoto, geuka. Hutakuta Itare, na si kosa la mtu yeyote, maana orodha ya maneno haiwezi kubeba mito ya kila nchi. Kosa ni letu walimu tunapofundisha orodha tukadhani tumekwisha kufundisha njia.

Nchini Kenya kituo maalumu kilianzishwa Nairobi mwaka 1957 kutengeneza masomo ya kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango huo ulianza katika shule za Waasia, kisha ukaletwa katika shule za Waafrika. Mwaka 1964, baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Mwaka 1976 tume ya Gachathi ilisema afadhali madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Tangu hapo tumekwenda huku na huko. Mtoto wa Litein husema Kikipsigis kwa bibi yake, Kiswahili sokoni, na Kiingereza kwa mwalimu, na anapoulizwa njia lugha hizi tatu humjia mlangoni kwa pamoja, kila moja ikitaka kupita kwanza.

Maana kila lugha ina namna yake ya kuipanga dunia. Kiswahili kililelewa pwani. Kaskazini ni upande utokako upepo wa kaskazi, uletao majahazi kati ya Desemba na Machi. Kusini ni upande wa upepo wa kusi. Wazee wa pwani waliita kaskazini kibla vilevile, kwa kuwa Makka iko upande huo. Majina haya ni mazuri, lakini mtoto wa Bomet hajapata kungoja jahazi. Kikipsigis huanza na jua. Mashariki huitwa kong'asis, na ndani ya neno hilo limo asis, jua, ambalo ni jina la Mungu pia. Mahali pa ibada ya nyumbani, paitwapo mabwaita, kwa desturi palikuwa nje ya nyumba upande wa mashariki. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa dira. Mtu aliyejua nyumba moja alijua pande zote za dunia.

Na mikono je? Kwa Kiswahili tunasema mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Wazee walisema pia mkono wa kuume. Mwanafunzi mdogo akiambiwa "kulia" pasipo mkono aweza kudhani ameambiwa atoe machozi. Kwa Kikipsigis mkono wa kulia ni wa tai, na neno hilo hilo hutumika kwa maana ya mbele; mkono wa kushoto ni wa katam. Sasa mlete mtoto huyu katika Kiingereza. "Right" ni kulia. Vilevile ni sawa, yaani kweli. Nimepata kumsikia mgeni akimwuliza kijana wetu, "Left?" Kijana akajibu, "Right!" akiwa na maana ya kwamba ndiyo, ni sawa. Mgeni akashika kulia. Sijui alifika wapi. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi wangu: katika habari za njia, ukitaka kukubali, sema "Yes", na neno "right" liache kwa mkono tu.

Jambo la pili niwaonyalo ni hili la salamu. Mwingereza humwendea mtu asiyemjua akasema, "Excuse me," yaani naomba radhi kwa kukukatiza. Kisha huuliza mara moja. Kwake hiyo ni adabu kamili. Mzee wetu akiulizwa hivyo na kijana huona amerukwa kama shimo. Kwa upande mwingine, Mwingereza akisalimiwa na kuulizwa habari za nyumbani na za safari kabla ya swali, huanza kutazama saa yake. Hapana hapa aliye mshenzi. Kila mmoja amechukua adabu ya kwao akaipeleka mahali ilipo adabu nyingine. Kwa hiyo jifunze zote mbili, na ujue wakati wa kila moja. Na ukiwa wasema Kiingereza na mzee wa Kapkatet, msalimu kwanza, Kiingereza hakitavunjika.

Tena iko shida ya anwani. Mwandikie mtu wa Uingereza barua, utaandika namba ya nyumba na jina la barabara, na mtu asiyemjua aweza kuifuata anwani ile mpaka mlangoni. Kwetu huandika S.L.P., na namba, na jina la mji. Barua hukaa katika sanduku huko posta mpaka mwenyewe aje. Anwani yetu hujua barua inakaa wapi. Mtu anakaa wapi, haijui. Ndiyo maana katika nchi hii kuelekezana kwa kinywa ni kazi ambayo anwani peke yake haiwezi kutufanyia, na simu zenye ramani, ingawa zina msaada, hazijui bado kila kijia kishukacho katika kituo cha kupimia majani ya chai.

Basi siku hizi nafundisha hivi. Nafuta mji wa ubaoni. Nachora barabara itokayo Kericho: hapa kuna hoteli iitwayo Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond mwaka 1952, hapa kuna kanisa kuu la Kikatoliki, lililofunguliwa mwaka 2015, lenye paa lionekanalo toka mbali, hapa kuna hekalu la Masingasinga. Kisha barabara yateremka kupita Chemosit, Litein na Kapkatet, mpaka Kaplong. Twatoka nje tukasimama tukitazama upande ule, maana mtu hawezi kujua kushoto kwa njia akiwa ameipa mgongo. Ndipo twasema: "Go straight on as far as Kaplong. At Kaplong the road divides. Turn left. Do not go to Sotik. Follow the road until you come to Bomet." Sentensi tano. Hakuna benki wala duka la mkate. Wanafunzi husema kwa sauti kubwa kuliko nilivyopata kuwasikia wakisema katika mji wangu wa zamani, kwa kuwa safari hii wanaona kwa macho wanayoyasema.

Wako walimu wenzangu walioniuliza kama haifai kuyageuza majina yetu, ili Kiingereza kiwe safi. Nawajibu kwamba Mwingereza mwenyewe hageuzi jina la London anaposema Kiswahili. Tena iko sababu nzito zaidi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi uliokubali malalamiko ya Wakipsigis na Watalai kwamba walidhulumiwa ardhi yao wakati wa ukoloni. Shauri hilo lingali na marefu yake, wala si kazi ya insha hii kulihukumu. Lakini mtu akisimama mbele ya tume akisema, "Babu yangu alikaa pale," swali la kwanza ni, pale wapi? Na asiyeweza kutaja jina la mahali, na mto uliovukwa, na upande wa jua, atajibu nini?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi kazi ya likizo. Kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani njia ya kwenda mahali alipopajua utotoni, kisha aiandike kwa Kiingereza. Msichana mmoja alileta njia ya babu yake. Ilianza nyumbani kwao, ikateremka mtoni, ikavuka penye mawe mawili, ikapanda kilima asubuhi jua likiwa mgongoni, ikaishia mahali penye jina la Kikipsigis ambalo sikuwa nimelisikia. Aliniuliza alitafsiri vipi jina lile. Nikamwambia asilitafsiri, aliandike kama babu alivyolitamka. Akaandika. Kisha akaketi akitafuna kalamu, akauliza tena, "Mwalimu, na mgeni akifuata njia hii mpaka mwisho, nimwambie ataona nini?"

Nikamwuliza kama yeye amepata kufika. Akasema alifika na babu yake siku ile ile, nao walisimama barabarani tu, kwa kuwa mle ndani ni shamba la kampuni.

Akaandika sentensi yake ya mwisho: "You will see tea."